Nyangumi Asiye na Kichwa

Hadithi hii hamtaiamini. Basi msiamini, nami nitaisimulia hivyo hivyo, maana hapa Hoorn, Uholanzi, hakuna ulimi mwingine wa kuiweza.

Meindert Bleeker alikuwa fundi wa kuezeka mapaa mpaka magoti yakamgomea. Kwake biskuti ni moja kwa kikombe cha kahawa, kisha kopo linafunikwa. Mgeni akinyoosha mkono tena, Meindert hutazama dirishani. Mtu bahili namna hiyo, lakini juu ya meko yake imetundikwa nusu ya ramani ya kale, ya enzi za mabaharia kuzisaka nchi wasizozijua: Afrika nzima, imejaa tembo kila pahali mchoraji alipokosa mto wa kuchora, na baharini, ukingoni kabisa, mkia wa nyangumi. Mkia tu. Kichwa kiko kwenye nusu ya pili, ya Amerika.

Baba yao alipokufa aliwaachia wanawe wawili kila mmoja nusu yake. Meindert akataka zikae pamoja, na zikae kwake. Mdogo wake, Harmen, akamjibu, "Na jeneza utalitaka?" Kesho yake akaiuza nusu yake kwa mpita njia, kumkomoa tu. Miaka ishirini na saba hawakupeana hata salamu. Meindert akawa mtu wa minada, anakusanya ramani, leo kisiwa, kesho pwani, mpaka ukuta ukajaa. Lakini macho yake yalikuwa yakitafuta kichwa.

Kikatokea, hapa hapa mjini, kwenye ukumbi wa mnada nyuma ya kanisa.

Asubuhi ya kukagua, Meindert aliigeuza karatasi. Rangi ya kijani ya zamani ilitengenezwa kwa shaba, na shaba hula karatasi: kwa nyuma, kila msitu wa Amerika ulikuwa umeacha doa la kahawia, sawa na ile nusu yake ya nyumbani. Ni yenyewe. Akaligusa jicho la nyangumi kwa kidole.

"Ee, fundi paa! Umekuja kuziba dari?" Huyo ni Coppens, mchuuzi wa ramani kutoka Amsterdam, shingo imefungwa skafu ya hariri.

"Nimefuata mali ya baba yangu."

"Utaipata. Dukani kwangu. Bei mara tatu, kwa kuwa ni wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Nani mwingine ana mkia?"

Sasa, mnada wa huku haupandi, unashuka. Dalali anaanza juu, anateremka, na wa kwanza kupaza sauti "Mijn!", yaani "Yangu!", nyundo inagonga na mali ni yake, hakuna kurudi nyuma. Ukiwahi, umefilisika. Ukichelewa, umekosa. Meindert alikuwa ameuza mashua yake akapata yuro elfu sita. Zaidi ya hapo hana.

"Elfu kumi na mbili," dalali akaanza. "Kumi na moja."

Coppens anamung'unya peremende, katulia kama paka mbele ya bucha.

"Kumi."

Shati la Meindert limemganda mgongoni. Anaomba kimoyomoyo bei iporomoke kabla mdomo wa yule haujafunguka.

"Tisa na nusu."

Coppens akaimeza peremende. Meindert akaliona koo likipanda na kushuka, akajua: sasa mdomo uko tayari kwa kazi.

"Tisa."

Mlango wa nyuma ukalia kwa bawaba kavu. Meindert akageuka. Aliyeingia, kofia mkononi, mvi tupu, pua ile ile ya marehemu baba, alikuwa Harmen.

Sisi Waswahili tungesema "ndugu yangu", na hiyo "yangu" ingekuja nyuma, imeshachelewa kumdhuru mtu. Lugha ya huku huanza na yangu. Meindert akafungua kinywa amtaje ndugu yake, na kilichotangulia kutoka ni "Mijn..."

Nyundo ikagonga.

"Elfu tisa, kwa bwana Bleeker."

"Alikuwa anasalimia!" Coppens karuka. "Hajanunua huyo, anasalimia! Rudia!"

"Nimesikia neno, bwana. Hapa tunauza kwa neno, hatuulizi mtu alikuwa anawaza nini."

"Basi alipe sasa hivi tuone! Ana elfu sita tu, nimemuuliza aliyenunua mashua yake. Akishindwa, ramani inadiwe upya, na yeye asikanyage mnada tena."

Meindert alikuwa mweupe kuliko karatasi. Harmen akapita taratibu katikati ya viti.

"Unapungukiwa ngapi?"

"Hayakuhusu."

"Nimeuliza ngapi, kaka."

"Tatu."

Harmen akatoa bahasha kifuani. "Nilikuja na nne kuikomboa. Nilijua hazitoshi. Nikasema angalau niione."

"Mpumbavu wewe."

"Wewe umenunua nyangumi kwa kunisalimia, halafu mpumbavu ni mimi?"

Coppens akavuta skafu yake akatoka bila kuaga. Basi hapo wale ndugu wawili wakakumbatiana, wakalia kwa sauti, watu mia tatu ukumbini wakalia nao, dalali akaitupa nyundo chini, na nyangumi mwenyewe kwenye karatasi, haki ya Mungu, akapepesa jicho na chozi lika...

"Tulikuwa watu ishirini," ananikatiza Meindert, ninayemsomea haya kwa lugha yake huku naandika, "na hakuna aliyelia. Nilimwambia Harmen ashike upande wa pili wa karatasi, tukaenda nyumbani. Akala biskuti mbili. Hilo ndilo uandike."