Breki Zilizonyamaza

Pedi za breki za baiskeli yangu zilikuwa zimelika mpaka chuma kikawa kinakwaruza diski, na kwenye kila mteremko kijiji kizima kilijua napita. Nikachoka kuchekwa. Nilitoa magurudumu, nikachomoa pedi za zamani, nikasukuma pistoni ndani kwa mpini wa kijiko, nikapachika mpya. Kimya kabisa. Nikateremka hadi Asumbi kwa mama mkwe, nikijivunia ufundi wangu.

Kwetu ni mwiko mkwe kumwona mama mkwe akila. Nilimkuta uani, paja la kuku mdomoni. Tukatazamana.

Jioni alimpigia mke wangu simu. “Mwambie arudishe zile breki za zamani. Zikilia kule juu, nilikuwa napata muda wa kumeza.”