Bibi wa Tokyo Aliyeingia Majini Bila Kujiosha

Tomiyo alizaliwa Yunosawa, mji wa chemchemi za moto huko Japani, akaolewa Yunosawa, akafiwa na mume hapohapo Yunosawa, na katika umri wake wote hakuwahi kulala katika nyumba ya wageni hata moja. Alale huko kutafuta nini? Maji ya moto yanayotoka mlimani na kuuzwa huko juu kwa bei ya kukausha mfuko ndiyo hayohayo yanayoshuka hadi hamamu ya mtaa, ambako kila mkazi mwenye beseni lake huoga bure.

Wageni aliwajua vilivyo. Aliwauzia mayai yaliyoivishwa kwa mvuke wa chemchemi, pale kwenye mteremko, na walipoingia hamamuni aliwafokea. "We dada! Jioshe kwanza!" Aliyechovya kitambaa majini alifokewa. Aliyeingia na povu mgongoni alifokewa zaidi. Watu walimcheka, lakini maji yalibaki safi.

Jioni ile alipanda mlima na kimono yake ya kijivu. Binti yake wa pekee, Natsuno, alikuwa na miaka thelathini na minne na hatimaye amepata mchumba, Keigo, mfanyakazi wa benki huko Tokyo. Mama yake Keigo, Bi Mizoguchi, alitaka familia mbili zionane kabla ya kupanga harusi, akachagua nyumba ya wageni ya kina Ichinose, kule juu mlimani. Tomiyo aliomba kitu kimoja tu, jambo hili lisivunjike. Majirani walikuwa wameshaacha kumuuliza Natsuno ataolewa lini, na kule kuacha kulimuuma kuliko maswali yenyewe.

Mlangoni alipokewa kwa magoti na Kimie, mhudumu wa vyumba, jirani yake ambaye nyumba zao zimetenganishwa na ukuta tu.

"Karibu sana, mgeni wetu mtukufu," alisema Kimie kwa sauti ya kazini. Kisha akainama kuchukua viatu na kunong'ona, "Poda yote hiyo, shoga! Utafikiri ni wewe unayeolewa."

"Nyamaza. Wamefika?"

"Zamani. Huyo mkweo kashabadilisha chumba mara mbili. Cha kwanza, mto wa huko nje una kelele. Cha pili, mikeka inanuka majani. Mikeka ya majani inuke nini, samaki?"

Chumbani Tomiyo alimkuta Bi Mizoguchi ameshakaa, mgongo kwenye shubaka lenye picha ya maandishi na ua moja. Pale ndipo mahali pa heshima. Mtu husukumwa akae hapo, akakataa, akasukumwa tena, akakataa tena. Hata walevi wa Yunosawa hujitia kukataa. Huyu alikuwa amejitawaza mwenyewe kabla wenzake hawajavua viatu. Na mwanawe, mwanamume mzima wa miaka thelathini na minane, alikuwa ametupa begi lake ndani ya shubaka, ubavuni mwa ua, kana kwamba ni kabati la stesheni. Natsuno alikuwa amekaa karibu na mlango.

"Mume wangu amebanwa na kazi, hakuja," alisema Bi Mizoguchi. "Mji wenu mzuri. Ila hii harufu! Kama mayai mabovu."

"Ni salfa ya mlimani, mama. Mtu huzoea."

"Na wewe, Natsuno ameniambia, ni mfanyabiashara?"

"Nauza mayai."

"Oo," alisema Bi Mizoguchi, na ile oo yake ilikuwa ndefu kama barabara ya kwenda mji wa Sendai.

Tomiyo akacheka kwa adabu. Alijisikia akicheka, akajidharau kidogo, akanywa chai.

Kabla ya chakula wanawake watatu walikwenda kuoga kwenye hamamu ya nyumba hiyo ya wageni. Tomiyo na binti yake walikaa kwenye vigoda vyao mbele ya mabomba wakijisugua, na Natsuno alikuwa akimmwagia mama yake maji mgongoni wakati Bi Mizoguchi alipopita nyuma yao. Hakuketi. Hakugusa sabuni. Alipita moja kwa moja, kitambaa kimemzunguka kifuani, vumbi la treni mwilini na rangi usoni, akashuka kwenye bwawa la maji ya moto mpaka shingoni.

Wageni wawili wazee waliokuwa humo wakatazamana, wakasogea pembeni, kisha wakatoka.

Maneno yalimjaa Tomiyo kinywani. Alikuwa ameyasema maisha yake yote kwa watu asiowajua, wakubwa kwa wadogo, hata kwa mke wa mkuu wa mji. Akayameza.

"Maji matamu, eh, mama?" ndilo lililomtoka.

Natsuno akaacha kumwaga maji. Akamtazama mama yake kwa muda, jicho la kumshangaa mtu aliyekuja kuvaa sura ya mama yake. Kisha akageuka kule majini.

"Mama, samahani," alisema kwa upole. "Hapa kwetu tunajiosha kwanza, ndipo tunaingia. Na kitambaa hukaa nje."

"Nilioga asubuhi. Nyumbani kwangu."

"Ndiyo, mama, ila kuna wenzetu wanaoyatumia maji haya..."

"Unaniita mchafu?"

"Hapana, mama. Nakuelekeza tu."

Bi Mizoguchi alitoka majini akiwa amefura, akafunga mlango wa chumba cha kuvalia kwa kishindo. Tomiyo akashika kigoda kwa mikono miwili. Basi, aliwaza. Basi, limevunjika.

Chakula kiliandaliwa chumbani. Kimie alipiga magoti kuleta kaa wa kuchemsha, samaki na wali, lakini Bi Mizoguchi akamzuia kwa kidole.

"Wewe nenda. Bibi harusi atatupakulia. Natumaini hilo analijua, maana kufundisha watu anajua sana."

Natsuno akapakua. Keigo alinyoosha bakuli lake bila kuinua macho kwenye simu, na bakuli lilipojaa alilivuta bila neno. Mama yake alikuwa akimvunjia miguu ya kaa, anachomoa nyama kidogo kidogo na kumwekea sahanini, naye anaila.

"Natsu," alisema Keigo akitafuna, "muombe mama radhi, tule kwa amani."

"Radhi ya nini?"

"Ya ulichomwambia kule."

"Unajua nilimwambia nini?"

"Sijui, na haina maana. Yeye ni mama. Mtakaa nyumba moja, mzoeane mapema."

Natsuno akaweka chini mwiko wa wali. "Nyumba moja? Si ulisema tutapanga pale karibu na kazini kwako?"

"Mama ameona tukae kwetu ni nafuu zaidi. Juu kuna chumba."

"Kina dirisha zuri," alisema Bi Mizoguchi, akivunja mguu mwingine. "Basi, nasubiri radhi yangu."

Tomiyo aliweka viganja vyake kwenye mkeka. Radhi ni maneno tu, aliwaza, na maneno hayauzwi. Atainama yeye kwa niaba ya mtoto, uso mpaka chini, mambo yaishe, harusi iwepo. Alikuwa ameshaanza kushusha kichwa alipomwona Keigo. Punje ya wali imemganda kidevuni, mdomo umeachama, anasubiri nyama ya kaa kutoka kwa mama yake kama kifaranga cha mbayuwayu. Huyu ndiye aliyemnyima usingizi mwaka mzima? Kwa ajili ya huyu ndipo alipomeza maneno yake?

Akainua kichwa.

"Bi Mizoguchi, mwanangu haombi radhi," alisema. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyepaswa kukwambia, na mimi ningekwambia kwa kelele mpaka jikoni wasikie. Mtu mzima na akili zako unaingia maji ya watu na jasho la treni! Watoto wetu wa chekechea hawafanyi hivyo."

"Keigo! Unasikia?"

"Nasikia, mama," alisema Keigo.

Natsuno alimtazama, akingoja aongeze lolote, neno lolote lile, kwa upande wowote. Keigo akatazama sahani yake.

"Kula, Keigo," alisema Natsuno. "Chakula kinapoa." Akasimama.

Kimie aliwaletea viatu mlangoni kabla hawajaviomba.

"Ulikuwa umetega sikio," alisema Tomiyo.

"Yote mawili. Sasa huyu mtoto utamwoza nani, shoga?"

"Mtu anayeoga."

Kimie alijiziba mdomo kwa mkono wa kimono, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Natsuno hakucheka. Walishuka mteremko, na walipofika kwenye daraja Tomiyo aligundua kuwa binti yake analia.

"Nilimpenda, mama," alisema Natsuno. "Usimcheke mbele yangu leo."

"Simcheki."

Akamshika mkono, wakaendelea kushuka. Na hakumcheka, si kwa sauti. Moyoni aliwacheka wote wawili, mama na kifaranga chake, hatua kwa hatua, mpaka wakafika nyumbani.