Mdomo wa Tanuri

Mjukuu wangu ana mchezo wa kupiga picha magofu kwa simu. Jana alinipeleka Chamazi ndani, kwenye kiwanda cha matofali kilichoachwa, maana nilimwambia nilikulia kule. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Udongo ulioungua ukilowa una harufu yake, na harufu ile ilinisimamisha.

Baba alikuwa mchomaji pale. Mchana mmoja mama alishikwa na uchungu, mkunga akanituma. "Kamwite baba yako. Mambo si mazuri."

Nilimkuta anasukuma magogo kwenye mdomo wa tanuri, jasho linamchuruzika.

"Moto haujafika juu," akasema. "Nikiuacha, matofali yote yanaharibika. Mwambie mama yako nakuja nikishaukandika huu mdomo."

Nikarudi. Mama alikuwa kalala mkekani, mkono wake wa baridi. Nikamweleza.

"Haya," akasema. "Mwambie akandike vizuri, asiache tundu."

Nikakimbia tena kumfikishia. Baba akaukandika mdomo kwa udongo mpaka mwisho. Tulipofika nyumbani, wanawake walikuwa wameshamfunika mama.

Matofali yalitoka mekundu, hayana ufa hata mmoja. Watu walimsifu baba, naye akaendelea kuyapanga.

"Bibi, simama hapo mdomoni nikupige picha. Cheka basi, mbona umenuna?"

"Piga tanuri," nikamwambia. "Mie niache."

Akapiga. Nikaweka kiganja kwenye ule ukuta, nikakuta ni wa baridi.