Kuuliza Mara ya Tatu

Siku ya kwanza ya kazi nilivaa kikwembe cha mama na viatu vya kuazima, nikaketi mbele ya mkuu wa ofisi ya misaada hapa Kindu. Vita vilikuwa vimefunga njia ya reli, na baba, aliyetoka Kasai kuja kuendesha gari moshi, alishinda nyumbani. Shule niliyofundisha Kiingereza nayo ilifungwa. Wageni walitafuta mkalimani, yaani mtu wa kuhamisha maneno kutoka kinywa hiki hadi sikio lile bila kumwaga njiani.

"Maneno yetu yana ngazi," mkuu aliniambia. Kuna *bad*, mbaya. Kuna *very bad*, mbaya sana. Kuna *the worst*, mbaya kuliko zote. Na mwisho kabisa aliweka *extreme*: ukivuka hapo umekwisha. "Mizigo yetu ni michache, inakwenda kwenye *extreme* tu. Usiongeze neno, usipunguze."

Nikayashika. Ila yeye mwenyewe aliyatapanya! Akila nanasi, ni bora kuliko yote duniani. Kesho yake nanasi jingine, nalo ni bora kuliko yote duniani. Ajabu! Sisi tukitaka kufika kileleni tunavuta sauti: Lubutu ni mbaaali. Kwa safari tunavuta, kwa furaha tunavuta. Kwa msiba sauti inashuka, na maneno yanapungua.

Hilo nusura lituponze kwenye hangari ya stesheni. Humo walilala watu waliokimbia kwa miguu kutoka upande wa Tunda. Kwenye uwanja wa ndege kulikuwa na dawa na unga wa uji wa watoto, na mkuu alipaswa kuamua siku hiyo kama vibaki hapa au viende kwingine. Mlangoni alikaa Mama Feza, mtoto mapajani.

"Muulize hali yao," mkuu akaniambia.

"Tuko salama," Mama Feza akajibu. "Watoto njo wanalegea kidogo."

Njo yetu ni ndio tu, na kidogo ni kidogo; nikatafsiri kama nilivyofundishwa. Mkuu akafunga kalamu. "Kidogo? Basi hapa si *extreme*. Twende."

Kwetu mgeni aliyesimama haambiwi msiba. Akiuliza mara ya kwanza anajibiwa salama, hata kama maiti iko ndani. Akikaa, akanywa maji ya mwenyeji, anauliza tena. Mara ya tatu ndipo mtu anafungua kifua. Na mtoto yule alikuwa hafukuzi hata nzi.

"Chef, kaa chini," nikamwambia mkuu.

"Kazi yako ni kutafsiri."

"Ndiyo ninayoifanya. Kaa, unywe maji, uulize tena."

Alinikazia macho, lakini akakaa juu ya taruma, ule ubao mzito unaolazwa chini ya reli. Maji yakaja kwenye kopo, akanywa. Akauliza.

"Tuko, papa. Tunavumilia."

Akauliza tena, sasa kwa sauti ndogo. Mama Feza alimfunika mtoto miguu kwanza.

"Jana tulizika wawili. Leo asubuhi mwingine. Huyu anangoja siku yake. Wanaume hawana tena nguvu ya kuchimba."

Nilitafsiri bila neno hata moja la ngazi, wala mkuu hakuniuliza ni lipi. Alikwenda uwanjani mwenyewe, na jioni mzigo ukashushwa hangarini.

Wakuu wengi walikuja baada yake, nikazunguka nao hadi Obokote. Kila mmoja nilimfundisha kukaa kwanza. Wengine walinuna, lakini walikaa.

Juzijuzi nimemkuta Mama Feza sokoni, anauza mihogo. Miaka yote hii sikujua mwisho wa mtoto yule.

"Mutoto iko?"

"Tuko salama, dada."

Nikakaa kwenye benchi lake, nikaomba maji. Nikauliza mara ya pili. Ya tatu niliiogopa kweli, lakini nikauliza.

"Hakufikisha asubuhi, dada. Uji ulimukuta hawezi kumeza. Lakini wale watoto wengine wa hangari, wote wako. Mumoja njo ule, anauza mafuta."

Nililia pale sokoni, mtu mzima mimi.

Sasa nimestaafu. Nyinyi vijana mnapita mbele ya nyumba yangu mbio mbio, mnauliza, "Koko," yaani bibi, "habari?" Nami nawajibu niko salama. Karibuni, kaeni kwanza, niwape maji.