Mama Futa na Shuka Jeupe

Mtu akiingia dukani kwake na simu mkononi, kabla salamu hazijakwisha, Mama Futa amekwisha kuipokea, ameigeuza mgongo na anaisugua kijicho chake cha kamera kwa pindo la gauni. "Futa kwanza," atasema. "Nusu ya ukungu wa mji huu ni mafuta ya vidole vyenu." Jina lilimwangukia hapo, likamkaa. Lile alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho na midomoni mwa dada zake.

Duka lenyewe ni nusu chumba. Nusu ya pili ni ya fundi cherehani, na kati yao kuna pazia ambalo huzuia macho lakini halijawahi kuzuia neno. Upande wa Mama Futa pana meza, viti viwili, kompyuta ambayo feni yake hukoroma kama mzee baada ya kula, na ukutani picha za watu ambao hawakurudi kuzichukua. Hizo alitoka nazo kwenye studio ya zamani, alikokuwa akisafisha picha za karatasi katika chumba cha giza. Studio ilipofungwa, wenzake walikwenda kuuza viatu na vipuri. Yeye alisema amezoea nyuso, hawezi kuanza kuzoea soli.

Sasa anatengeneza slaidi. Unamletea picha za arusi, za mahafali, za msiba, za mtu anayestaafu. Anazipanga, anazitilia muziki, na siku ya siku zinapita moja baada ya nyingine kwenye skrini ya ukumbini, watu wakicheka hapa na kupangusa macho pale. Kazi hiyo anaipenda kwa namna ambayo mtu humpenda mtoto mtundu: kwa manung'uniko. Maana kila mteja huleta picha mbovu akiamini kompyuta ni hospitali.

"Picha ni kama kitambaa," huwaambia. "Ulicholeta ndicho nitakachoshona."

"Na leso haitoi suti," fundi humalizia nyuma ya pazia, bila kuulizwa.

Wiki ile aliyeingia alikuwa kifungua mimba wa fundi kufuli wa pale sokoni, dada mmoja mwenye haraka na mkoba mzito. Wazazi wake walikuwa wanatimiza miaka arobaini ya ndoa Jumamosi, na watoto walikuwa wamekodi ukumbi.

"Tulimuuliza mama anataka zawadi gani," alisema akiketi. "Tukataja friji, tukataja safari. Akasema hataki. Anataka kumwona baba na yeye pamoja kwenye kioo kikubwa, watu wote wakiwatazama. Basi."

"Hilo ni jambo dogo, mwanangu."

"Lingekuwa dogo. Baba hana picha."

"Hana hata moja?"

"Za arusi zililowa bomba lilipopasuka. Iliyopona, baba amebaki viatu. Tangu hapo ukiinua simu tu, anageuka. Anasema mtu anayefungua milango ya watu hapaswi kujulikana sana sura."

Cherehani ilinyamaza. "Ana hoja," fundi akasema.

"Wewe shona," Mama Futa akamwambia.

Dada alikuwa amefikiria njia ya kupoza. Kama baba hayumo, basi angalau mama aonekane vizuri, na ile picha yake ya kucheka, ambayo ukoo mzima unaipenda, ije mwisho na ikae kuliko zote. Mama Futa akaichukua simu, akaifuta, akazihamisha picha, akapanga za mwanzo palepale ili mteja aonje.

Mteja akaonja, uso ukakunjamana. "Mama, mbona zote zina ukungu? Kwenye simu zilikuwa safi."

"Kwenye simu zilikuwa ndogo. Mtu mfupi haonekani mfupi akiwa amekaa." Mama Futa akasogeza kiti. "Hapa pana wezi, na wezi hawakamatwi kwa mkupuo. Tutamshuku mmoja mmoja."

Wa kwanza alikuwa kile kidirisha cha kuonjea chenyewe. Ili kompyuta yake ya kizee isikwame, alikuwa ameiamuru ionyeshe kazi kwa ubora wa chini wakati wa kupanga. "Hapa ni kama nguo yenye pini," alieleza. "Usiihukumu kabla haijashonwa." Akatoa kipande kifupi kwa ubora kamili, wakakitazama. Ukungu bado.

Wa pili alimkuta kwenye mipangilio ya kazi yenyewe, akajipiga paji la uso. Fremu ilikuwa imebaki ile ya mteja aliyetangulia, aliyetaka video nyembamba, ndogo, ya kutazamia kwenye simu. Picha kubwa za dada zilikuwa zikifinywa ziingie humo, kisha zinavutwa tena zijaze skrini. "Huyu mwizi ni mimi," akakiri, akafungua kazi mpya yenye vipimo vya skrini ya ukumbini. Nyuso zikatoka kama watu walionawa maji asubuhi. Dada akaanza kutabasamu.

Wa tatu alikuwa programu, ambayo kwa hisani yake hutia mwendo kwenye kila picha: inaanza mbali, inasogea, inasogea, hadi unaona ndani ya pua ya shangazi. Mama Futa akauondoa mwendo huo. Picha hutulia, alisema. Anayetembea ni jicho.

Zote zikawa safi, isipokuwa moja, ile ya mama anacheka.

Ilikuwa imekatwa karibu sana, uso na bega tu, na ilipokuzwa mashavu yaliyeyuka yakawa vijiwe vya rangi, kama sabuni iliyoachwa majini. Mama Futa akainamia kioo. Pembeni juu kabisa palikuwa na kidude cheusi chenye nukta ya kijani, akakicheka.

"Unakiona hiki? Ni nusu betri. Hii si picha, mwanangu, ni skrinshoti. Kuna mtu alipiga kioo cha simu yake, na mwingine akapiga cha yake. Kila mkono uliopita umechukua chake. Nani alikupa?"

"Nilikamata kwenye stetasi ya mama mdogo."

"Mpigie."

Mama mdogo alipokea kwa furaha, spika ikawa wazi, na fundi nyuma ya pazia akaacha kabisa kujifanya anashona.

"Mimi nimepiga picha? Mimi?" alisema mama mdogo. "Mimi hiyo nimeikuta inapita, nikapanda. Niliitoa kwa kitinda mimba wenu. Alikuwa ameijaza maua na maandishi, nikayakata ili dada yangu apumue."

Kitinda mimba naye akapigiwa. Alikuwa kazini, akanong'ona. "Nilikuwa namsafishia baba simu yake, ilijaa. Nikaikuta humo, nikaikata nikajirushia. Pembeni palikuwa na doa jeusi kubwa, linaharibu."

"Kwenye simu ya baba?" dada aliuliza. "Sasa aliipiga nani?"

"Si wewe?"

"Mimi nilidhani ni wewe."

Fundi akafunua pazia kidogo, akamtazama Mama Futa, akalirudisha.

Mama Futa hakuwa na desturi ya kuwafuata jamaa za wateja wake, lakini alifunga duka, akavaa viatu vya kutembelea. "Picha iliyoko njiani imechoka," alimwambia dada. "Twende ilikozaliwa."

Kibanda cha fundi kufuli kilikuwa kwenye kona ya soko, upana wa mlango mmoja, na funguo zimening'inia ukutani kama mvua iliyosimama. Mzee mwenyewe alikuwa amevaa kofia ya ukingo mpana iliyokwisha kupauka, anapiga tupa ufunguo. Alipomwona binti yake na mama mgeni pamoja, aliweka tupa chini.

"Kuna mlango umegoma?"

"Shikamoo, mzee. Hakuna mlango. Tumekuja kuomba simu yako."

"Marahaba. Simu yangu ya nini? Hiyo ni ya kupokelea wateja tu."

Aliitoa hata hivyo, maana hakuwa mtu wa kumnyima mgeni. Ilikuwa imepasuka kona. Mama Futa akaisugua kwa pindo, akampa binti aifungue. Ikaja picha ya kufuli. Kufuli nyingine. Ufunguo uliovunjika ndani ya kitasa. Kitasa cha lango. Kisha mama yao mlangoni na kikapu. Kufuli. Mama yao amelala kwenye kiti, miwani imemtelemka puani. Funguo tatu za gari. Mama yao anachambua kitu kwenye sinia, kichwa kimeinama, mstari wa nywele zake za kijivu umenyooka kama njia.

Binti akawa anatelezesha kidole polepole zaidi. Mzee akaishika tena tupa, akapiga kwa nguvu ufunguo ambao ulikuwa umekwisha kukamilika.

"Baba."

"Hizo ni za kujaribia kamera."

"Umejaribu miaka mingapi?"

Ndipo ikafika yenyewe, nzima, safi, jinsi ilivyozaliwa. Mama yao amesimama uani mbele ya kamba ya nguo, kibanio kimoja kimening'inia kwenye ukosi wa gauni, anacheka na mtu aliye mbele yake kwa kicheko ambacho watoto hawajawahi kuchekewa. Ukimkuza unaona hata matone mikononi. Na pembeni yake, kwenye shuka jeupe lililoanikwa, jua la asubuhi likipiga kutoka nyuma ya mpiga picha, palikuwa na kivuli cha mtu: mabega, viwiko viwili vilivyoinuliwa, na kofia ya ukingo mpana. Kimesimama bega kwa bega na mama, urefu sawasawa, kana kwamba waliitwa wajipange.

Hilo ndilo lilikuwa doa.

"Hiyo imeharibika," mzee alisema bila kuinua macho. "Nimeingia mwenyewe. Nilitaka kuifuta."

"Usifute," akasema Mama Futa. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo.

Akajitumia picha ile kama dokumenti, si kama picha, akamweleza binti kwamba ikitumwa kama picha hupunguzwa njiani iwe nyepesi, na kinachopunguzwa ndicho hicho tunachokuja kukililia baadaye. Mzee alimwacha amalize. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka waone anakitaka:

"Utalikata lile doa?"

"Inategemea na wewe, mzee. Ni wewe."

"Watu watacheka. Kichwa kama sufuria."

"Baba," binti akasema, "mama hakuomba friji. Aliomba mwonekane pamoja."

Mzee akaugeuza ule ufunguo mkononi. "Aliomba mimi?"

"Wewe."

Akatazama barabarani, ambako hapakuwa na lolote la kutazama. "Basi wekeni. Lakini isikae sana."

"Nitaangalia," alisema Mama Futa.

Siku mbili zilizofuata aliihangaikia kazi ile kuliko ilivyohitaji. Picha ilikuwa pana, haikuhitaji kuvutwa wala kufinywa. Kulikuwa na kitufe cha kunoa, cha kukoleza, cha kuwafanya watu wang'ae kama sahani; akavijaribu, akavirudisha vyote. Fundi akaja kuchungulia, akasimama na sindano mdomoni.

"Hiyo usiiguse," alisema. "Imekukaa vizuri."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna."

Jumamosi ukumbini, projekta ilipowashwa, watu waliona ukungu mtupu, na minong'ono ikaanza kwenye meza za nyuma. Dada akamgeukia Mama Futa, macho yamemtoka. Mama Futa akainuka bila haraka, akaenda kwenye projekta, akaisugua lenzi yake, akazungusha pete taratibu hadi herufi za mwanzo zikasimama. Watu wakapiga makofi kwa hilo peke yake.

Zikapita picha: watoto wakiwa na meno, watoto wakiwa hawana, mama na kikapu, mama na miwani puani. Kila mtu alikuwa na la kusema. Mzee alikuwa ameketi karibu na mkewe, amevua kofia kwa heshima ya siku, anazitazama kama mtu anayesikiliza siri zake zikisomwa kwa sauti.

Kisha ikaja ya mwisho, na haikuwa na mwendo wowote. Ilijaza skrini: mwanamke, kamba, shuka jeupe, kivuli. Kwanza ukumbi ukadhani ni kicheko tu cha mama, kile wanachokifahamu. Halafu mtu mmoja meza ya mbele akasema, "Yule ni nani pale?" na jibu likapita kutoka meza hadi meza, likirudi nyuma kama upepo kwenye mazao.

Mama alisogea mbele kwenye kiti. Alitazama kwa muda mrefu. Muziki ulikwisha na picha haikuondoka, kwa sababu Mama Futa, aliyeahidi kuangalia, alikuwa anaangalia.

"Asubuhi ile," mama akasema hatimaye, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani, "nilikwambia uvue hiyo kofia."

"Jua lilikuwa kali," mzee akajibu.

"Ndiyo maana nilikuwa nacheka."

Mzee akaitazama skrini, kisha ile kofia magotini, kisha mkewe. Kitinda mimba alikuwa ameinua simu pembeni, tayari, akijua baba yake atageuka kama siku zote. Mama Futa alimfikia kwa hatua ndefu, akaitwaa ile simu, akaisugua kijicho kwa pindo la gauni lake jipya, akamrudishia.

"Sasa," akamnong'oneza.

Mzee hakugeuka.