Utando kwenye Ulimi wa Dominika

Wifi yangu Dominika alipika mbege, pombe yetu ya ndizi, huko Masama kwa miaka kumi na tisa, na sijaona aliyempita. Ndizi alizichemsha mwenyewe, akaziacha zichache, akachanganya na uji wa ulezi, na wanywaji wake walimheshimu kuliko katekista. Mdomo alikuwa nao. Ukichelewa kuondoka kilabuni kwake, alikuuliza mbele ya watu kama mkeo amekufukuza.

Kwetu mwenye pombe hunywa kwanza, watu wote wakimwona, ili ijulikane hakuna sumu. Mwezi wa tatu mwaka jana Dominika alinyanyua kata, akaigusisha midomoni, akaishusha. Mzee Julius, mmoja wa wanywaji, akaona.

"Mama, leo huonji?"

"Nimeonja."

"Umeinusa tu."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyekunywa. Wakaondoka mmoja mmoja.

Jioni akanionyesha ulimi. Ulikuwa na utando mweupe, kama povu linalotanda juu ya pipa pombe ikianza kuchacha, na ukiukwangua unatoka damu. Hapo ndipo nilipojifanya daktari. Nikamwambia mbege imeota mizizi kooni mwake, kwamba mtu hawezi kuonja kitu kinachochacha miaka yote hiyo kisichachie ndani yake. Aache pombe, asukutue kwa magadi, itakufa yenyewe. Nilisema kwa uhakika, na kati yetu mimi ndiye niliyefika sekondari. Akaniamini. Akafunga kilabu, mapipa akayafudikiza nyuma ya nyumba.

Miezi mitano alisukutua. Alikonda. Ndizi zikamshinda, maziwa yakamshinda, hata mate kuyameza ikawa kazi. Kila aliponiuliza nilimwambia avumilie, pombe ya miaka kumi na tisa haitoki kwa siku moja. Nikikumbuka maneno hayo naona aibu mpaka leo.

Mwezi wa nane kichwa kikamuuma hata asiweze kuinamisha shingo. Tukampeleka hospitali Moshi mjini. Majibu ya vipimo yalipotoka, muuguzi aitwaye Gladness alimwomba Dominika ruhusa niwepo, kisha akatueleza.

"Hawa fangasi wa ulimini hawakutoka kwenye pombe kama mlivyosema, mama. Wanaishi mdomoni mwa watu wengi wazima, labda hata mwangu. Askari wa mwili ndio wanaowazuia. Wako wanaowala, na wako wanaopiga yowe ili wenzao waje. Virusi vya UKIMWI vimewaua wapiga yowe wako. Wale walaji wanakuja wachache, tena wamechelewa."

Akasema kuna fangasi wengine, wa vumbi na vinyesi vya ndege, ambao sisi sote huwavuta puani na mwili ukawamaliza kimyakimya. Kwa Dominika walikuwa wameshafika kwenye ubongo.

Kaka yangu Basili, mumewe, dereva wa malori ya mpakani Holili, alikufa kwa kifua miaka sita iliyopita. Hatukuuliza kifua gani. Kuzika tunajua, kuuliza hatujui.

Dominika akamgeukia Gladness. "Kama ningekuja mwezi wa tatu?"

"Ungepewa dawa ya fangasi na za virusi. Wengi wanaoanza mapema wanaishi, mama."

"Na pombe yangu?"

"Haikukudhuru."

Hakunitazama. Afadhali angenitukana, maana matusi alikuwa nayo ya kutosha na nilistahili yote. Alivuta shuka, akageukia ukutani.

Kesho yake asubuhi nilirudi na maneno niliyoyapanga njia nzima. Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Wifi, nisamehe."

Macho yake yalikuwa wazi. "Karibu, mama," akasema kwa heshima. "Unamtafuta nani?"

Nikamtajia jina langu. Hakulijua. Siku tatu nilimwomba msamaha, na siku tatu alinijibu kwa upole kwamba nimsubiri Dominika, yuko njiani anakuja. Siku ya nne nilikuta kitanda kimeshatandikwa.