Kamera ya Chumbani

Kila siku ya gulio mzee mmoja alishuka kwenye bodaboda kutoka Kamuli, akafuta kwenye koti vidole vyeusi vya utomvu wa migomba, ndipo akaingia kwenye duka langu la kamera hapa Omurushaka. Kamera aliipokea kwa mikono miwili kama aliyepewa kifaranga, akafumba jicho la kushoto na kulenga kona yenye giza nyuma ya mlango. Wateja wengine hulenga barabara. "Chumbani, bila kumulika, hii itatoa sura, mwanangu?" Swali lilikuwa hilo hilo. Flashi hakuitaka, kwa kuwa mkewe alikuwa hainuki kitandani na mwanga mkali ulimuumiza macho. Picha pekee ya mkewe ilikuwa ya kitambulisho. "Pale amenuna. Yule siye yeye kabisa." Nami, mjuzi wa kamera, kila alipokaribia kuchagua nilimwambia, "Subiri mzigo ujao, mzee, kuna lenzi inayoona gizani vizuri zaidi."

Leo lenzi imefika. Nimemwamkia, ameitikia marahaba kwa sauti ndogo, na hakufuta vidole. Vilikuwa safi. Huku kwetu mkulima haendi shambani kukiwa na maiti nyumbani. Nimemsogezea kamera, hakuigusa. Amefungua leso polepole, akaweka kitambulisho cha mkewe juu ya kioo cha kabati, akakigeuza taratibu hadi ile sura iliyonuna ikanitazama mimi.

"Nikuzie hii," amesema. "Ni ya kuweka juu ya jeneza."